Jiwe la Mtojo

Si zamani sana, wala si mbali sana. Upepo ukivuma vizuri unaweza kusikia vipaza sauti vyao. Palikuwa na nchi moja tulivu, yenye bendera, wimbo na waya mmoja. Jina la nchi hiyo halitatajwa hapa, maana kulitaja kunahitaji kibali, na kibali kiko njiani.

Waya ule uliitwa Mshipa. Kila neno lililotoka wilayani kwenda makao makuu, na kila jibu lililorudi, lilipita ndani yake, moja baada ya jingine, kwa sababu Mshipa ulikuwa mwembamba na maneno ya nchi ile yalikuwa mengi. Na majibu yalihitajika kweli kweli. Watu wa kule hawakuhama, hawakuoa, hawakuvuka mto bila jibu. Hata mtu akiunguliwa na nyumba alitoka mpaka kizingitini tu, akaomba, akangoja. Ndiyo maana nchi ilisifiwa kwa utulivu.

Mshipa uliingia mjini kupitia Jumba la Foleni, na ndani ya jumba hilo alifanya kazi Sikitu, mpimaji wa maneno daraja la tatu. Alikaa mbele ya ubao mkubwa wenye taa. Taa ikiwaka, ujumbe umefika. Sikitu huhesabu maneno yake, huandika idadi, mashine hugonga muhuri. Kusoma hakuruhusiwa. Kusoma ilikuwa kazi ya daraja la pili, na daraja la pili halijaajiriwa bado.

Alikuwa mtu wa Mtojo, wilaya ya milimani, chini ya bwawa kubwa. Mama yao alikuwa amehamia mjini kutibiwa goti, akaishi kwa Sikitu. Kule Mtojo alibaki dada mtu, Somoe, aliyeugua utotoni akabaki anauvuta mguu wa kushoto. Somoe ndiye aliyekaa kwenye kituo cha Mshipa cha Mtojo akiandika ujumbe wa wilaya nzima. Alikuwa na maneno, Somoe. Kabla ya kutuma taarifa yoyote ya serikali, hata ya panya waliovamia ghala, alitanguliza salamu za mdogo wake: mama hajambo, unakula, unalala, hofu ni kwako. Sikitu hakuruhusiwa kuzisoma, lakini alizihesabu, na kila mara zilikuwa arobaini kamili. Taa ya Mtojo ikiwaka na namba ikaanza na arobaini, alitabasamu peke yake, akajua dada yake kaamka salama.

*

Mhandisi aliyeujenga ubao ule alikuwa mpenda haki, na kwa hiyo alikuwa amekwisha kufariki. Inasemekana wazo lake alilipata bombani. Alimkuta mama mmoja kaja na ndoo arobaini, kazipanga mstari mzima, na nyuma yake bibi kizee na birika lake la chai. Kwa foleni ya kawaida bibi angengoja ndoo arobaini zijae ndipo apate cha kuchemsha. Mhandisi akasema hapana. Kila mtu awe na foleni yake, na bomba lizunguke: ndoo moja ya mama, birika la bibi, ndoo ya pili ya mama. Mwenye ndoo arobaini acheleweshwe na ndoo zake mwenyewe. Na kama kuna mwenye uhitaji mkubwa, tuseme zahanati, apewe jiwe zito zaidi la mizani, na bomba limpe kwa kadiri ya jiwe lake. Asiye na kitu cha kuchota zamu yake ikifika, waliopo wagawane zamu hiyo. Ila bomba lisifungwe hata mara moja wakati kuna mtu anangoja.

Basi ubao ulikuwa hivyo. Kila wilaya ilikuwa na taa, na chini ya taa ndoano, na kwenye ndoano jiwe. Ujumbe ukifika, mashine iligawa idadi ya maneno kwa uzito wa jiwe, ikajumlisha na saa ya ukutani, ikagonga muhuri wa saa ya kumaliza. Mwenye saa ya karibu alipita kwanza. Kwa hiyo mwenye maneno machache hakukaa sana. Alipita katikati ya wenye mengi kama sisimizi katikati ya ng'ombe. Wilaya zilikuwa kumi na mbili, na saa ya ukutani ilisogea hatua moja kila foleni zote zilipokwisha pata zamu. Siku zile saa na jua vilikwenda pamoja.

Kisha akaja Mtukufu. Mtukufu hakuvunja sheria hata moja, jambo hili lazima lisemwe. Alikataa kata kata kupewa jiwe zito kuliko la wananchi wake. Ila wanasheria wake waligundua kwamba sheria inasema kila foleni, haisemi kila mtu, na kwamba cheo ni kitu chenye kusimama peke yake. Mtukufu alikuwa na vyeo arobaini na kimoja. Alikuwa Baba wa Mito Yote, Amiri wa Mawingu, Mlezi wa Nyuki, Mgeni Rasmi wa Kudumu, Bingwa Mstaafu wa Bao Asiyestaafu. Kila cheo kikapata taa yake, ndoano yake, na jiwe lililo sawa sawa na la wilaya. Ikaundwa na Ofisi ya Pongezi, kazi yake kuhakikisha foleni hizo hazikauki hata dakika moja, kwa sababu zikikauka zamu zake zingegawiwa wilaya, na wilaya zikizoea vya bure zingedeka. Pongezi zilipita usiku na mchana, na ili zisipotee bure zilisomwa mijini kwa vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo.

Foleni sasa zikawa hamsini na tatu, na mzunguko mmoja ukawa mrefu. Saa ya ukutani ikaanza kuchelewa, halafu kuzembea, halafu ikasimama karibu kabisa. Wakati wa kisa hiki ilionyesha saa tisa na dakika ishirini alasiri, na ilikuwa imeonyesha hivyo mvua tatu. Serikali ilifuata saa ile, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na muhuri. Kwa saa ya serikali Sikitu alikuwa ameajiriwa juzi na bado anadaiwa chai ya saa nne.

Hata hivyo, zamu moja katika hamsini na tatu si haba. Ujumbe mfupi wa Mtojo ungepita kabla chai haijapoa. Tatizo ni feni.

Ofisi ya Waziri wa Foleni na Subira ilifungwa feni mpya, karatasi zikawa zinaruka. Waziri akaomba kuazimwa kitu kizito. Idara ikakaa kikao, ikachagua jiwe la Mtojo, kwa kuwa watu wa Mtojo ni wasikivu na hawana historia ya kulalamika. Aliyepanda ngazi kulitungua alikuwa Sikitu mwenyewe. Ilionekana ni heshima kwake kama mzaliwa wa huko. Alilifunga kwenye gazeti kuukuu, akalipeleka kwa mikono miwili. Waziri alimshukuru, akamwambia litarudi wiki hiyo hiyo. Zikapita siku kumi za jua, na katika siku hizo Mtojo haikuwa na la kuripoti; kwa saa ya ukutani, wiki ilikuwa bado haijaisha.

*

Jumatatu moja ya masika taa ya Mtojo iliwaka. Sikitu akahesabu. Maneno kumi.

Akahesabu tena. Yalikuwa kumi, bila arobaini mbele yake. Mashine ikagawa kumi kwa ndoano tupu, ikanguruma, ikagonga muhuri ambao Sikitu hakuwahi kuuona: BAADAYE.

Alimwendea msimamizi wa zamu, Mzee Chilumba, mtu mpole aliyekuwa amebakiza dakika arobaini za serikali kabla ya kustaafu, na alikuwa amezibakiza miaka mitatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kumezuka nini?"

"Mtojo wameleta maneno kumi."

"Vizuri. Wamejifunza kubana."

"Mzee, anayeandika kule ni dada yangu. Somoe hajawahi kuandika maneno kumi tangu azaliwe. Salamu zake tu ni arobaini. Mtu anayeacha kumsalimia mdogo wake, mzee, ana nini nyuma yake?"

Mzee Chilumba akautazama muhuri. "Mashine haina chuki na mtu," akasema. "Imetafuta jiwe, haikuona. Sisi serikali hatutupi barua ya mwananchi. Imepokelewa, imewekwa, itapita baadaye."

"Basi tuning'inize chochote. Hata kufuli."

"Kufuli!" Mzee alishika moyo. "Leo kufuli, kesho mtu ananing'iniza kiatu, keshokutwa nchi haitawaliki. Andika ombi, mwanangu. Mlango uko wazi."

Sikitu akaandika ombi kwamba Mtojo irudishiwe jiwe lake. Mzee Chilumba akalipokea, akalipima, akalifikiria kwa haki kabisa, akaona kuwa linahusu Mtojo. Akaliweka kwenye foleni ya Mtojo, nyuma ya maneno kumi. Mashine ikanguruma, ikagonga: BAADAYE.

Baada ya robo saa taa ya Mtojo ikawaka tena. Maneno kumi. Kwa desturi mashine ya wilayani hurudia ujumbe mpaka iambiwe kuwa umepokelewa, na aliyepaswa kusema hivyo ni yule aliyeandikiwa, ambaye hajaupata. Mpaka jioni yalifika mara ishirini na mbili.

*

Jumatano Sikitu alivaa gauni lake la harusi za watu, akaenda kwa Waziri kwa miguu, akiacha foleni zote zilizoandikwa akafuata barabara. Mheshimiwa Mapoza alimpokea vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba. Feni ilizunguka juu ya kichwa chake, na mezani, juu ya rundo la karatasi, lilikaa jiwe la Mtojo, lina mkunjo wa gazeti uliogandia ubavuni.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya jiwe hilo."

"Hili?" Waziri akalipapasa. "Jiwe zuri sana. Kila nikilitazama nawakumbuka wananchi."

"Mtojo wameleta ujumbe, Mheshimiwa. Mfupi. Umekwama kwa sababu halipo."

"Haukukwama. Unasubiri. Kukwama ni kosa la mashine, kusubiri ni sifa ya raia. Ujumbe unasemaje?"

"Sijui. Siruhusiwi kusoma."

"Umeona? Unajuaje basi kuwa ni muhimu?"

"Hauna salamu, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama kwa huruma, akaahidi kulitolea jambo hilo tamko, kisha simu ikalia chumba cha pili na akaenda kuipokea.

Sikitu akabaki peke yake na jiwe. Lilikuwa hapo, mkono ufike tu. Aliugusa ubavu wake. Ulikuwa na unyevu, ingawa chumba kilikuwa kikavu. Akawaza karatasi zitakavyoruka. Akawaza mama na goti lake, dawa, nyumba ya idara, jina lake likitajwa kwenye kikao. Kule chumba cha pili Waziri alikuwa akicheka na mtu. Sikitu akaurudisha mkono mapajani. Waziri aliporudi, Sikitu alimuaga kwa heshima, akaondoka.

Kitendo hicho hakikuchukua muda wa kumeza mate. Sikitu alikuja kukirudia kichwani maisha yake yote, na kila alipokirudia, jiwe lilikuwa jepesi zaidi.

*

Jumamosi mto unaopita katikati ya mji uliamka na rangi ya matope. Ulileta mlango. Baada ya mlango ukaleta ungo, godoro, na madawati, mengi, yakielea chali, kila moja limeandikwa kwa rangi nyeupe: S/M MTOJO. Watu walijaa darajani. Vipaza sauti vikakatiza pongezi kidogo, na sauti nzuri ikasema:

"Serikali inaishukuru wilaya ya Mtojo kwa moyo wa kujitolea, kwa kuchangia madawati sabini na mawili katika shule za makao makuu. Wilaya nyingine ziige mfano huo."

Watu wakapiga makofi. Sikitu hakupiga. Alikuwa ameona kigoda kidogo cha miguu mitatu, kimefungwa kitambaa chekundu. Kigoda hicho Somoe alikuwa akiwekea mguu wake wa kushoto anapoandika. Kilipita chini ya daraja kikizunguka zunguka, hakina haraka, kikaenda zake.

Alikaa chini kwenye matope akalia. Alilia kwa sauti kama wanavyolia watu wa Mtojo, mikono kichwani, na watu waliokuwa karibu naye wakasogea kwa adabu, wasije wakaonekana wamesikia.

Siku ya kazi ilipofika aliomba ruhusa ya msiba.

"Nani kafa?" akauliza Mzee Chilumba.

"Mtojo yote, mzee. Watu mia nne na kumi na wawili. Na dada yangu."

Mzee akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo naye alikuwa darajani. Lakini aliifuta miwani, akaivaa tena, akawa msimamizi wa zamu. "Ruhusa ya msiba inahitaji taarifa ya kifo. Taarifa ya kifo cha Mtojo hutoka Mtojo. Imefika?"

"Itapitaje?"

"Basi hajafa mtu." Akaonyesha saa ya ukutani, saa tisa na dakika ishirini. "Kwa saa hiyo, binti yangu, hata mvua haijanyesha."

Na nyuma yao, ubaoni, taa ya Mtojo ikawaka.

*

Mzee Chilumba alieleza, na maelezo yake yalikuwa ya kweli. Kituo cha Mtojo kilikuwa juu ya kilima. Mashine yake ilikula jua. Maji yalichukua watu, mashine yakaiacha, nayo itaendelea kurudia maneno yale yale kumi mpaka iambiwe yamepokelewa. Jambo la kitaalamu tu.

Sikitu akaridhika na utaalamu kwa siku nne. Maneno kumi, robo saa, maneno kumi. Siku ya tano, mchana kweupe, jua likiwaka dirishani, taa iliwaka, akahesabu, ikawa mawili.

"Mzee," akaita polepole. "Mashine inaweza kutunga?"

"Haiwezi."

"Ameleta maneno mawili."

Mzee Chilumba aliinuka. Alibeba kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa jumba, karibu na taa za Mlezi wa Nyuki.

Tangu hapo yakawa mawili, mawili, mara arobaini kwa siku. Jumba likaanza kunuka udongo uliolowa. Watumishi walipofika asubuhi walihisi kwamba wameingia mahali palipojaa. Palikuwa na ile sauti ya watu wengi wasiosema kitu: mmoja anabadili mguu, mwingine anakohoa kwa kujizuia, mtoto ananyamazishwa. Ukigeuka, hakuna mtu. Karani mmoja aligongana na bega, akasema samahani, na alipoinua macho hakuona wa kumsamehe. Wizara ikatoa waraka: "Watumishi wanakumbushwa kuwa harufu si taarifa rasmi. Aidha, kikohozi kisichoambatana na fomu kisisikilizwe."

Sikitu hakuogopa, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa akimsikia mtu mmoja katikati ya wengine, hatua moja nzima na moja ya kuvutwa, akija mpaka nyuma ya kiti chake, akasimama hapo. Hakumgusa. Alisimama tu, kwa utaratibu, kama mtu ambaye zamu yake haijafika.

"Niliona jiwe, dada," Sikitu alimwambia siku moja bila kugeuka. "Nililigusa kabisa."

Taa ikawaka. Maneno mawili.

*

Kisha akafa kasuku wa Ikulu. Alikuwa kiumbe pekee nchini aliyevijua vyeo vyote arobaini na kimoja kwa moyo, kwa mpangilio, na kifo chake kilimgusa sana Mtukufu. Ikatangazwa kwamba siku ya maziko, saa sita mchana kwa jua, taifa litanyamaza dakika tatu. Wote wanyamaze. Ofisi ya Pongezi nayo ikauliza kama na yenyewe inyamaze, na hakuna aliyethubutu kusema hapana.

Saa sita ilipofika, Sikitu aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Taa ya Baba wa Mito Yote ilizimika. Ikafuata ya Amiri wa Mawingu. Moja baada ya nyingine, zote arobaini na moja zikazimika, na upande ule wa ubao ukawa na giza. Wilaya kumi na moja zikapitisha vijimambo vyao kwa mikupuo miwili, zikakauka. Saa ya ukutani ikalia kama mlango wenye kutu. Mshale ukatikisika, ukaondoka kwenye dakika ya ishirini, ukashika mbio.

Mhandisi alikuwa amesema bomba lisifungwe hata mara moja wakati kuna mtu anangoja. Mashine ikatafuta mwenye saa ya karibu, ikawakuta wenye BAADAYE. Hapakuwa na mwingine mbele yao.

Mji mzima ulikuwa umesimama wima, kofia mikononi, kimya. Waziri alikuwa uwanjani nyuma ya Mtukufu. Kwenye kila nguzo kipaza sauti kikakwaruza, na ile sauti nzuri iliyozoea pongezi, ilipozikosa, ikasoma kilichokuwa kinapita:

"Ukuta wa bwawa umepasuka. Tupeni ruhusa ya kuhama. Tunasubiri jibu."

Hakuna aliyetikisika, ilikuwa dakika ya ukimya. Sauti ikaendelea:

"Naomba Mtojo irudishiwe jiwe lake. Liko juu ya karatasi za Mheshimiwa Waziri. Aliyelitungua ni mimi. Sikitu, daraja la tatu."

Kisha ikarudia maneno kumi, ikayarudia, mara mia na zaidi, kwa haraka na bila kuchoka. Kisha ikabadilika.

"Bado tunasubiri," ikasema. "Bado tunasubiri. Bado tunasubiri."

Ilisema hivyo mpaka dakika tatu zikaisha na Amiri wa Mawingu akaanza tena kupongezwa kwa mvua nzuri.

*

Waziri Mapoza hakuwa mtu wa kushindwa. Kabla jasho halijamkauka alikuwa amegundua kwamba hakuna aibu yoyote, maana ombi limefika, na ombi likifika hujibiwa. Aliandika jibu kwa mkono wake palepale uwanjani, akalituma Jumba la Foleni kwa pikipiki: "Ombi lenu limekubaliwa. Mnaruhusiwa kuhama. Njooni makao makuu kwa utaratibu, mkipanga foleni." Akaagiza vyombo vya habari viandike kuwa suala la Mtojo limefungwa.

Sikitu akalituma yeye mwenyewe. Kwenda Mtojo hakukuwa na foleni. Hakuna aliyekuwa akiwaandikia tena. Taa ya Mtojo ikazimika papo hapo. Harufu ya udongo ikatoka ndani ya jumba kama mtu aliyefungua mlango, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi pakawa patupu. Mzee Chilumba akarudisha kiti chake. Siku ile akala chapati mbili.

Asubuhi ya tatu hapakuwa na wingu. Saa nne, jua likichoma, mfagizi wa uani aliingia akiwa hana ufagio, akakaa chini. Sikitu akaenda dirisha la kupokelea watu.

Ua wa lami ulikuwa mkavu. Juu ya lami palikuwa na nyayo za maji. Zilikuwa mbili mbili, zimetazama dirishani, nyuma ya hizo mbili nyingine, na nyuma yake nyingine, nyayo za wakubwa na nyayo ndogo za watoto, nafasi sawa kati ya moja na nyingine, mstari ulionyooka kuvuka ua, kutoka getini, kushuka barabara mpaka darajani. Jua lilikuwa linawaka na hazikukauka. Wa kwanza kabisa, chini ya dirisha, ulikuwa wayo mmoja wa kulia, na kushoto kwake mburuzo.

Tone la maji lilidondoka juu ya meza, upande wa ndani.

"Waambie warudi baadaye," alinong'ona Mzee Chilumba kutoka chini ya meza. "Waambie, binti yangu. Hawa wanasikia. Ni watu wasikivu."

Sikitu alijua kuwa ni kweli. Angewaambia, wangegeuka bila kunung'unika, wakashuka barabara ile ile.

Hakuwaambia. Alitoka mlango wa nyuma, akaenda Wizarani akikimbia, akapita walinzi, akapita katibu, akaingia bila kubisha. Waziri alikuwa akijizoeza hotuba. Sikitu akalinyanyua jiwe kwa mikono miwili. Karatasi zote zikaruka, zikajaa chumba kizima, zikampiga Waziri usoni, naye akazishika moja moja akipiga kelele, "Tamko langu! Tamko langu!" Hakuna lililotokea zaidi ya hilo. Zilikuwa karatasi tu. Sikitu alisimama akizitazama zikishuka, na hapo ndipo moyo wake ulipovunjika, alipoona ni kitu gani alichokiogopa Jumatano ile.

Alirudi nalo amelikumbatia kifuani. Akapanda ngazi, akalitundika kwenye ndoano ya Mtojo. Ubao ukayumba kidogo, ukatulia. Mshale wa saa ukasogea hatua moja.

Taa ya Mtojo ikawaka.

Sikitu akahesabu. Arobaini.

Akatazama kulia na kushoto. Kisha mpimaji wa maneno daraja la tatu, ambaye hakuruhusiwa, akausoma ujumbe.

"Kwako mdogo wangu mpendwa Sikitu. Salamu nyingi sana. Je, goti la mama linaendeleaje? Unakula vizuri huko mjini? Usiache kufunika kichwa asubuhi. Kitenge chako nimekitunza. Mvua ilikuwa kubwa, lakini foleni ilikwenda vizuri, hakuna aliyesukuma. Sisi huku hatujambo. Hofu ni kwenu tu."

Alisoma mara tatu. Akashuka ngazi, akakaa dirishani, akajifuta uso kwa kiganja, akavuta kalamu.

"Nimepokea, dada," akasema.

Nje, wayo wa kulia na mburuzo wake vikasogea pembeni kidogo, kwa adabu, kama afanyavyo mtu aliyekwisha hudumiwa. Nyayo zilizokuwa nyuma yake, ndogo, za mtoto, zikapiga hatua moja mbele.